Kwa Miguu Ndani ya Boti

"Usinichekeshe, Chona. Nikicheka tu, kazi ya wiki nzima inaruka."

Doña Brígida alikuwa amepiga magoti katikati ya korongo, sinia la mti limekaa mapajani mwake kama mtoto anayelishwa. Ndani yake ilibaki konzi moja ya mchanga mweusi, na chini ya mchanga huo, kwa mwenye macho, uzi mwembamba wa njano. Kazi ya blanketi ilikuwa imekwisha: changarawe zimerushwa hewani, upepo umechukua vumbi, vizito vimeanguka chini. Sasa ilibaki kazi ya pumzi. Maji hayakuwapo katika korongo lile, hata ya kunawa uso. Mto ulikuwa mbali, na punda aliyepanda na mapipa kila asubuhi hakuleta maji ya kuoshea mchanga. Kwa hiyo watu wa Sonora walisafisha dhahabu kama walivyosafisha ngano kwao, kwa upepo kwanza, kisha kwa mdomo.

Akakusanya midomo, akapuliza. Hakupuliza kwa nguvu. Ilikuwa pumzi ndefu, nyembamba, kama ya mtu anayepoza uji wa mgonjwa. Mchanga mweusi ukaanza kusogea pembeni, punje kwa punje, na njano ikabaki nyuma imetulia. Kambi nzima ya La Paz ilimjua kwa pumzi ile. Wanaume wenye vifua kama ngoma walimletea masinia yao awamalizie, kwa sababu wao wakipuliza, vyote huondoka pamoja.

"Mimi nimenyamaza," alisema Chona, mwuza chapati, rafiki yake wa tangu Caborca. "Nilikuwa nawaza tu. Don Hilario amevimba jino. Amefunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, na ncha mbili zimesimama juu kama masikio ya sungura. Hata hivyo bado anahubiri bandarini. 'Ngugu vyangu,' anasema, 'ngugu vyangu, tujihavari na zambi...'"

Pumzi ya Doña Brígida ikakatika, ikarudi kwa kishindo, ikatoka puani na mdomoni kwa pamoja. Mchanga mweusi, mchanga wa njano, vyote vikaruka.

"Chona! Shetani wewe!"

Walitambaa kwa magoti wote wawili, wakilowesha ncha za vidole kwa mate na kuokota vimulimuli vya dhahabu kimoja kimoja, machozi ya kicheko yakiwachuruzika. Walichopata walikitia ndani ya unyoya wa bata, Doña Brígida akauziba kwa nta. Dhahabu hiyo haikuwa ya kununulia kitu. Ilikuwa ya mtakatifu.

Ndipo boti ya moshi ilipopiga filimbi kule mtoni, na kicheko kikawaishia.

Wakati wa baridi uliopita, pumzi ilikuwa imemwishia Doña Brígida. Kifua chake kilikoroma kama sufuria ya maharage, na watu walikuwa wameanza kuteremsha sauti wapitapo mbele ya kibanda chake. Siku moja alfajiri, peke yake, amekodolea macho matete ya paa, alimwambia Mtakatifu Fransisko wa Magdalena: nirudishie pumzi yangu, nami nitakuja kwako kwa miguu, siku ya sikukuu yako unione mlangoni. Kabla ya Kwaresima pumzi ilikuwa imerudi yote. Mtakatifu alikuwa ametimiza upande wake.

Upande wa Doña Brígida ndio uliochelewa. Alikusudia kuanza safari Bikira Maria alipopalizwa mbinguni, katikati ya mwezi wa nane, lakini upepo wa mwezi ule ulikuwa mzuri mno kwa kupepeta. Kila asubuhi ulivuma sawasawa, kama umeagizwa, na kila asubuhi alisema kesho. Sasa msafara wa mahujaji ulikuwa unamalizia kujikusanya kule Yuma, na ungeondoka baada ya siku mbili, asubuhi ya sikukuu ya Kuzaliwa Mama Maria. Jangwa la mbele ya Yuma halivukwi na mtu mmoja. Anayejaribu hukutwa na msafara wa mwaka unaofuata, amekauka. Kuuwahi msafara ilikuwa lazima apande boti.

"Panda basi," alisema Chona, akimpangusa vumbi mgongoni. "Nadhiri yako itaanzia Yuma. Wewe ulisema kwa miguu, hukusema kuanzia wapi."

"Aliponisikia nilikuwa nimelala wapi?"

"Hapa."

"Basi ni kuanzia hapa."

"Mwenzangu, huyo ni mtakatifu, si karani wa forodha."

Doña Brígida alifunga furushi lake. Alikuwa akifikiria kichwa. Kule Magdalena sanamu ya Mtakatifu Fransisko imelazwa chali, na kila ajaye hutia mkono chini ya shingo na kukinyanyua kichwa chake. Kwa aliyekuja na deni la nadhiri, kichwa hakinyanyuki. Alikuwa ameona kwa macho yake, zamani, mchunga ng'ombe mwenye mikono kama magogo akivuta mpaka jasho likamtoka, na nyuma yake kikongwe akakiinua kwa viganja viwili kama anachukua mkate.

*

Boti iliitwa Paloma. Ilikuwa bapa kama sinia, gurudumu lake kubwa nyuma, sitaha imejaa magunia, ngozi za ng'ombe, kuni za tanuri na wachimbaji waliokuwa wakiteremka Yuma. Mbele kabisa alisimama Vicente, mtu wa Wakwechan, kabila la mto ule, ameshika upondo wenye mistari ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuuzamisha, kuusoma na kupiga kelele: "Maji ya kifua! Maji ya kifua! Maji ya kiuno!" Akisema kiuno, nahodha alikuna ndevu. Akisema goti, kila mtu alishika kilicho karibu.

Don Hilario alikuwa amekwisha kaa juu ya gunia kwenye kivuli, masikio yake ya sungura yamesimama. Zamani alikuwa mlinzi wa kanisa katika mji wa Altar, na kwa kuwa La Paz haikuwa na padre, yeye ndiye aliyeongoza rozari na kuamua mambo ya dini, hata yasiyoulizwa. Alikuwa akienda kung'olewa jino na daktari wa kambi ya askari. Maneno yake tuyaandike kama alivyotaka kuyasema, maana kwa shavu lile yalitoka mengine.

"Doña Brígida. Nadhiri yako nilisikia ni ya miguu. Naona miguu imeota gurudumu."

"Miguu yangu hii hapa, Don Hilario. Itazame."

"Iko juu ya boti."

"Na boti iko juu ya maji, na maji yako juu ya mchanga. Kila kitu kimekaa juu ya kingine."

"Mtakatifu hatazami hivyo."

Filimbi ikalia, kamba zikafunguliwa, sitaha ikatetemeka. Doña Brígida alisimama na furushi lake akiutazama ukingo ukianza kurudi nyuma wenyewe, miti, vibanda, Chona akipunga kitambaa, vyote vikienda bila yeye kufanya lolote. Akaona haya, kama mtu mzima aliyebebwa mgongoni mbele ya watu. Akatia furushi kichwani. Akaanza kutembea.

Alitoka kwenye lundo la kuni karibu na gurudumu, akapita katikati ya magunia, akamruka mchimbaji aliyelala, akafika mbele kwa Vicente. Akageuka, akarudi. Akaenda tena. Wachimbaji walidhani amepoteza kitu, wakaanza kumsaidia kutafuta.

"Anafanya nini?" aliuliza mmoja.

"Anakwenda Magdalena," alijibu Vicente bila kugeuka. "Maji ya kifua!"

Don Hilario alimwacha apite na kurudi kwa muda, kisha akainua kidole. "Doña Brígida! Ukielekea mbele, sawa, tuseme unakwenda. Lakini ukirudi nyuma je? Hapo unarudi La Paz!"

Wachimbaji wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye ngozi. Doña Brígida akasimama. Hilo hakuwa amelifikiria. Alisimama hivyo katikati ya sitaha, mkono kwenye furushi, na boti ikaenda kipande kizima cha mto huku miguu yake imetulia, jambo lililomwuma zaidi.

"Mtu akihama nyumba," alisema mwishowe, "hubeba kitanda, akarudi kuchukua sufuria, akarudi kuchukua kuku. Anaporudi, utasema hahami?"

"Hewala!" alipiga kelele yule wa kwenye ngozi.

"Mimi narudi kuchukua hatua nyingine," alisema Doña Brígida, akaendelea.

Nahodha, Kapteni Thrall, Mmarekani mrefu aliyejifunza lugha ya watu wa huko kwa wapakiaji wa kuni, alitoa kichwa kwenye kibanda cha usukani. "Mama! Wewe hapana choka? Kiti iko hapa! Kaa!"

"Asante, Kapteni. Nina haraka."

"Haraka?" Kapteni alitazama mto, akatazama gurudumu, akamtazama tena. "Lakini sisi yote nafika pamoja!"

Mpaka jioni wachimbaji walikuwa wamemfungulia njia kati ya magunia, pana ya kupita mtu na furushi, na asiyekunja miguu alipigiwa kelele. Jua lilipotua boti ilifungwa kwenye mti, kwa kuwa mto ule hauendwi gizani. Abiria wote wakaanza kutembeatembea kunyoosha viungo. Doña Brígida peke yake aliketi. Boti ikisimama, naye hupumzika. Alifungua chapati za Chona, pana kama leso, akala polepole akiwatazama wenzake wakizunguka.

"Mnakwenda wapi nyie?" aliwauliza. "Tulieni, safari imesimama."

*

Asubuhi ya pili, kabla hata hajafikisha mizunguko ya kupata jasho, Vicente alipiga kelele: "Kiuno! Goti! Go..." na Paloma ikapanda fungu la mchanga kwa mlio mrefu kama wa gunia linaloburutwa. Sufuria ya mpishi ikaruka. Don Hilario akaruka nayo, akashika shavu na kusema neno ambalo walinzi wa kanisa hawalisemi.

Doña Brígida akakaa chini, akajifuta uso. Mwanzoni aliona ni pumziko la halali. Walizungusha gurudumu nyuma, likachemsha matope. Walifunga kamba kwenye gogo wakalizika mchangani, wakavuta kwa roda, gogo likafukuka. Kapteni aliwateremsha abiria wote ili boti iwe nyepesi. Wakashuka na suruali zimekunjwa, wakasimama ukingoni kama korongo wanaosubiri samaki. Boti haikusogea hata unene wa kidole.

Jua lilipopanda, pumziko likamgeukia moyoni. Alimfuata Vicente, aliyekuwa kwenye maji akichomeka vijiti kandokando ya fungu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naona mto unavyoshuka." Alionyesha kijiti cha kwanza, ambacho sasa kilisimama pakavu. "Mkondo ukiula mchanga huu tutatoka, kesho jioni labda. Labda keshokutwa."

"Kesho ni Kuzaliwa Mama Maria."

"Najua. Kila mwaka mnatulipulia baruti, mbwa wetu wanakimbia siku nzima."

"Msafara unaondoka asubuhi. Kutoka hapa kwa njia ya ukingoni ni mbali?"

Vicente alitazama jua, akatazama miguu ya Doña Brígida. "Mimi nikitoka sasa, jioni niko kwa mama yangu. Wewe utalala njiani. Lakini umeshafanya mazoezi." Akacheka, naye akacheka. Kisha Vicente akaacha mzaha, akamchorea mchangani kwa kijiti. Miti mirefu iwe upande wake wa kulia siku zote. Asifuate njia ya ng'ombe inayoingia kwenye matete. Jioni ataona kibanda cha majani, hapo dada yake anaamia ndege kwenye mahindi. "Mwambie mimi nimekutuma. Usimwambie nimekwamisha boti. Mwambie Kapteni amekwamisha."

Alikwenda kuchukua furushi lake. Don Hilario alikuwa peke yake chini ya mti, kitambaa kimelegea, sikio moja la sungura limelala.

"Unakwenda," alisema.

"Nakwenda."

"Peke yako, kwenye jua hili. Kama pumzi itakukatikia?"

Hilo ndilo lililokuwa likimzunguka mwenyewe tangu alipoviona vijiti vya Vicente. Alipumua kwa ndani, mpaka mwisho, akasikiliza. "Siku mtakatifu alipoirudisha hakusema ni ya kukalia."

Don Hilario aliinuka kutoka mchangani. Alichukua kibuyu chake cha maji, kikubwa kuliko cha Doña Brígida, akampa bila kumtazama. Alipokuwa ameshaondoka hatua kadhaa, sauti ikamfuata.

"Doña Brígida! Ukifika, ukikinyanyua kile kichwa... kinyanyue mara mbili. Ya pili iwe yangu."

"Ya pili itakuwa nzito, Don Hilario!"

"Najua," alisema. "Jitahidi."

*

Njia ilikuwa nyembamba na ya kweli. Hilo ndilo la kwanza alilolihisi. Mchanga ulirudisha kila hatua nusu, miiba ilimshika sketi, na kila mti alioupita ulibaki umepitwa. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Alisali rozari kwa mwendo, Salamu Maria moja kwa hatua chache, na alipochoka kusali alimsimulia Bikira habari za masikio ya sungura, akacheka peke yake katikati ya matete mpaka ndege wakaruka.

Mahali pamoja palikuwa na kilima cha changarawe, na huko pumzi ilimbana. Alisimama akishika mti, kifua kikianza ule mkoromo wa zamani, na kwa kitambo hakumwomba mtu yeyote kitu chochote. Alikunja midomo tu kama juu ya sinia, akaitoa pumzi polepole, nyembamba, na ikatoka, na nyingine ikaingia. Akapanda kilima hivyo hivyo, akipuliza.

Dada yake Vicente alikuwa mwanamke mnene mwenye teo mkononi. Alimsikiliza, akamwuliza swali moja tu: "Nani amekwamisha boti?"

"Kapteni."

"Hm," alisema dada mtu. "Vicente yule." Akampa mahindi ya kuchoma na mkeka.

Aliamka nyota zikiwa zinafifia, akashukuru, akaondoka. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vikagoma kuingia, akavifunga kwenye furushi. Alipofika mto Gila, unapojitupa ndani ya mto mkubwa, kulikuwa kumepambazuka. Maji yalikuwa ya magotini, na ng'ambo aliona paa za Yuma, bendera ya kambi, na zaidi ya hapo vumbi.

Vumbi lilikuwa refu, la rangi ya waridi kwa jua changa, na lilikuwa likienda. Kengele za maksai zilimfikia kabla ya sauti za watu. Baruti moja ikalipuka mjini, mbwa wakabweka.

Aliingia mtoni na sketi yake, hakuikunja. Alitoka upande wa pili mzito wa maji, akaushika mchanga. Hakukimbia, maana anayekimbia mchangani huchoka na kubaki pale pale. Alitembea kama alivyotembea siku zote mbili, ila sasa kulikuwa na umbali mbele wa kuupunguza. Mikokoteni ya mbele ilikuwa imeshaingia kwenye vichaka. Ya katikati ikaingia. Ulibaki mmoja wa mwisho, magurudumu yake yakilia kama nguruwe, na nyuma yake kabisa alikaa bibi kizee mmoja, uso umeelekea alikotoka, miguu inaning'inia, tikiti limepasuliwa mapajani.

Bibi alimtazama akija. Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuna na kutema mbegu.

"Unakwenda kwa Fransisko?" alipiga kelele mwishowe.

"Nakwenda!"

"Unatoka wapi?"

"La Paz!"

"Kwa boti?"

Doña Brígida alifungua mdomo kujibu, akaona jibu ni refu, na pumzi yake alikuwa na kazi nyingine ya kuifanya. Akatikisa mkono tu, huku na huku, kama mtu asemaye itabidi tukae chini nikusimulie.

"Basi kaza miguu, mwanangu! Ng'ombe hawa wakisimama mchangani hawaondoki tena!"

Bibi akakata kipande cha tikiti, chekundu, kikubwa kama mwezi nusu. Akajishika kwenye ubao kwa mkono mmoja, akainama nje ya mkokoteni, akakinyoosha nyuma kadiri mkono ulivyofika. Maji yake yakadondoka mchangani, tone baada ya tone, katikati ya alama mbili za magurudumu. Doña Brígida alikanyaga tone la kwanza, kisha la pili, mkono wake umekwisha nyooka mbele.